Jino la Basili

Kambi ya Wakata Miwa, Moshi
16 Februari 2025
Leo ni miezi minane na siku tano tangu tuondoke Kiomboi.

Mpendwa Dada Leonia,

Shikamoo dada. Natumaini wewe na watoto mmeamka salama, na mguu wa mama umepata nafuu. Mimi natembea na kazi naiweza, ila shavu bado linaniuma.

Najua wiki nzima unampigia Basili na hapokei. Mumeo yu hai. Yuko hospitali hapa mjini, hawezi kufungua mdomo zaidi ya upana wa kidole. Nimeona niandike, maana kwenye simu ungeniuliza swali moja tu nami ningekata.

Dada, miwa ya huku huchomwa kwanza ndipo tunaikata. Kwa ajili ya masizi tunafunga kitambaa usoni na kung'ata ncha yake kisishuke. Kutwa nzima, kila panga likishuka, meno yanabana. Jioni tunatafuna miwa. Mwezi wa kumi shavu likaanza kuniuma mpaka sikioni, hata upepo wa kutoka mlimani ukinigusa natoa machozi. Nikasema ni jino. Mzee Ndelilio, fundi baiskeli wa kambini, akaling'oa kwa koleo.

Baadaye Basili akaanza kuumwa vilevile. Akaniuliza mbele ya wenzetu kama mimi nilipona. Gabriel, mkata miwa mwenzetu, alikuwa ameshanitania kwamba jino nimemwachia Ndelilio ila maumivu nimerudi nayo. Nikamjibu Basili kwamba siku hizi nalala kama mtoto. Akacheka, akasema basi shemeji, njoo unishike kichwa. Nikakishika, Ndelilio akaling'oa jino lake kwa koleo lilelile.

Kidonda kikatunga usaha. Daktari, mama mmoja mpole, alitupima wote wawili. Alisema huenda meno yale yalikuwa mazima. Kinachouma ni misuli ya taya iliyochoshwa na kubana, na uso ukichoka hivyo hata kuguswa kidogo kunauma. Alinifundisha kufunga midomo bila meno kugusana, na miwa nisitafune.

Sikuwa nimepona, dada. Hata siku moja. Niliogopa kuchekwa, nikamdanganya mumeo. Yeye mwenyewe hajui bado. Kila nikikaa naye na kikombe cha uji nataka kumwambia, na kila mara najikuta nimeyabana meno.

Nisalimie watoto na majirani wote. Mama mwambie wewe, mimi sina nguvu hiyo.

Mvua za mwezi wa tatu zikianza kiwanda cha sukari kitasimama na wenzangu wataondoka. Mimi nitarudi siku Basili atakapoweza kutafuna tonge la ugali. Daktari hakutaja siku.

Mdogo wako,
Anold