Biira Mwenye Mikono

Kambi ya Polisi, Kasese
Agosti 1974

Kwa dada yangu mpendwa Masika,

Pokea salamu nyingi kama mvua ya milimani. Mimi, baba na mama tu wazima; wasiwasi wetu ni kwako. Mgongo umeacha kuuma? Shemeji hajambo? Huku sabuni imepotea madukani, tunafua kwa majivu ya maganda ya ndizi, lakini hatulali njaa.

Dada, tangu Vasta, binti wa baba mdogo, aletwe hapa kutoka Bugoye, nyumba ina Biira wawili. Kwetu kila msichana wa pili huitwa Biira, naye ni wa pili kwao kama mimi hapa; hilo halina wa kulaumiwa. Baba akiita, tunaitika pamoja. Anayetakiwa kwa sifa ni yeye, anayetakiwa kwa kuni ni mimi.

Mwezi uliopita alichukua ubao wa sanduku la sabuni na mikebe mitupu ya maziwa. Akagonga midomo ya mikebe kwa jiwe isikate mikono, akaivisha vipande vya kitenge alivyoomba kwa fundi, akavishona vikakaza, kisha akapigilia mikebe yote ubaoni na kutundika ukutani. Sasa poda ya mama ina mkebe wake, vitana vina wao, uzi wa kusukia nywele una wake, na katikati kuna kipande cha kioo kilichovunjika. Rafu hiyo haikugharimu kitu. Wake za maaskari wanakuja kuiona kama wanaokuja kuona mtoto mchanga.

Niliumia. Nikatengeneza yangu, kubwa zaidi, yenye mikebe mingi zaidi. Nilibandika vitambaa kwa uji wa muhogo, maana sikutaka kushona kama yeye. Siku ya kwanza ilipendeza. Ya pili mende walikula gundi yote, vitambaa vikaning'inia kama masikio ya mbuzi. Jamidah, mke wa koplo jirani, akasema kambi nzima isikie, "Ya Biira wa Bugoye iko na macho. Ya huyu wetu iko na mende." Nikacheka nao. Mdomo tu ndio uliocheka.

Ndipo Syahuka, dereva wa lori la chumvi, akaleta ujumbe wako: Biira aje Bwera akae nawe, akusaidie na wanawake unaowasuka sebuleni, na umpeleke kwa mama wa cherehani ajifunze kazi. Baba hakufikiri mara mbili. Alisema Biira ni binti yake, yule mwingine ni mgeni. Mama akanifulia gauni. Vasta akanipa hongera, akanisuka, na wala hakunivuta nywele. Hata hilo lilinikera.

Jana nikaenda kwenye kituo cha malori kumwuliza Syahuka tunaondoka lini. Akanishangaa.

"Wewe? Masika alisema Biira wa Bugoye, ule mwenye mikono. Sikumwambia baba yako hivyo?"

Mwenye mikono. Na mimi, dada, niko na nini, kwato? Nikamwomba asiyarudie maneno hayo nyumbani. Akasema mambo ya wasichana hayamhusu, akaendelea kukaza turubai.

Nilijiambia ukiniona utanipenda vilevile. Kisha nikaona utakavyoniangalia ninaposhuka: utatabasamu, halafu utatazama nyuma yangu kama kuna mwingine anashuka. Hapo nikashindwa.

Asubuhi hii nimemwambia baba uliyemtaka ni nani. Akasema basi, yule aende. Kwa hiyo aliyekupa barua hii ni Vasta, yuko mbele yako. Nimeandika Kiswahili cha kambini ili asiisome njiani, yeye husoma Kikonzo na Kitooro tu. Tafadhali usimtafsirie.

Sikumwachia kwa moyo mweupe. Bado ninamwonea wivu hata sasa anapofunga mzigo wake, na anaimba, dada, anaimba. Ila akipata homa hasemi, utamjua kwa kukataa chakula, mchemshie tangawizi.

Nisalimie shemeji na wote wanaouliza habari zetu. Na ukijibu, usitie salamu zangu ndani ya salamu zake. Niandikie yangu, peke yangu.

Ni mimi mdogo wako wa tumbo moja,
Edisa Biira