Nusu ya Shuka Uliyoidarizi Ng'ambo ya Mpaka

Mdogo wangu mpendwa, Mama Devota,

Nusu ya shuka imefika. Dereva wa lori la ndizi aliileta hadi Nkwenda, nami nikaifuata siku ya soko. Haina doa. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ulilolihofia.

Nakumbuka ulivyofika kwangu Nyabiyonza mara ya kwanza. Ulivaa koti la mwanamume, umembeba Devota mgongoni, umekimbia kwenu Burundi bila hata blanketi. Wanawake wa kijiji tulikuwa tumekwisha kuanza kukutana barazani kwangu ili kuwadarizia mashuka watu waliofika hivyo. Utaratibu wangu ulikuwa mmoja: anayepewa shuka sharti naye ashike sindano. Kila shuka tuliliunga kwa vipande viwili virefu vya bafta, na lesi ya kufuma katikati. Upande wa kichwani niliutia alama ya uzi mwekundu, ili maua yote yaelekee huko.

Ua lako la kwanza lilikuwa baya. Nilikuambia, "Fumua." Ukafumua, ukashona tena. Nikarudia, "Fumua." Mama Koku, ambaye ulimi wake haujapata kupumzika, akakuambia, "Vumilia, mwenzangu. Huyu Mwalimu hata mumewe alimfumua akamshona upya." Ulicheka hadi sindano ikakuanguka. Hatukuwa tumekusikia ukicheka kabla ya siku ile.

Devota amekulia kwenye mkeka ule, akiokota vipande vya nyuzi. Ulipotakiwa kurudi kwenu, alikuwa ameposwa na kijana wa Bweranyange, akabaki nyumbani kwangu. Hukulia. Ulinishika mkono pale mwisho wa kibanja changu cha migomba, ukasema, "Mwalimu, mwanangu asiolewe na shuka ambalo mimi sikulishika." Kwa hiyo kipande kimoja cha bafta ya shuka lake la harusi tulibaki nacho, kingine nikakukunjia ndani ya mzigo wako.

Jana tulivitandaza vipande vyote viwili. Maua yetu yanaelekea kichwani. Yako yote yanaelekea miguuni. Huenda uzi mwekundu ulichomoka ulipokifua kitambaa. Kukigeuza hakuwezekani, kwa kuwa pindo la nje umekwisha kulifuma, na pindo haliwezi kukaa katikati ya shuka.

Devota alinitazama. "Bibi, inabidi tufumue?"

"Mfumue nini?" akadakia Mama Koku. "Harusi ni Jumamosi! Bwana harusi akiuliza, mwambieni upande mmoja ni wa kulala na mwingine ni wa kuamka."

Wengine hawakucheka. Walinisubiri, maana wananijua. Niliinama nikayakagua maua yako moja baada ya jingine, nikakigeuza kitambaa nikaangalia na nyuma. Mishono ni midogo, imelingana, wala hakuna fundo lililojitokeza. Ungeniletea kazi hiyo barazani, ningekufumulisha yote, kwani ungekuwapo siku iliyofuata ili uishone tena. Sasa nikiifumua, atakayeishona ni mtu mwingine, na Devota atalala kwenye shuka ambalo hukulishika.

Nikaomba sindano ya kroshia, nikaanza kuifuma lesi ya katikati.

Hapa hali ni ya kawaida. Kahawa imeanza kuiva. Devota anakula vizuri, ila jioni hukaa kimya, simlazimishi kuzungumza. Yeye anakuamkia, shikamoo. Huwa napatazama mahali pako mkekani kabla ya kugawa nyuzi, kisha nagawa. Pale ameketi mwanamke mwingine, aliyefika juzi na watoto wawili, naye hana cha kulalia. Ua lake ni baya. Nimemwambia afumue.

Lesi itakwisha kesho. Jumamosi tutalitandika mimi na Mama Koku, nami nitashika upande wako.

Ukae salama huko uliko.

Dada yako mkubwa wa barazani,
Mwalimu