Shangazi Alikuwa Wangu

Jumamosi, 4 Mei

Leo nimekwenda kwa nesi mstaafu, yule anayenipima presha. Kumbe Jumamosi sebule yake hujaa wapenzi wa ule mchezo wa zamani wa televisheni, wa saa nane mchana! Tulikuwa tisa. Mwanamume mmoja tu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu — anasema alikuwa akiwapa wanafunzi zoezi refu saa nane kasoro, ili akauchungulie mchezo kwenye chumba cha walimu.

Miaka kumi na moja, Jumatatu mpaka Ijumaa, familia moja ya madobi. Wamecheka mpaka mbavu zikawauma. Chai iliyomiminwa kila siku na isinywewe hata mara moja. Yule mpwa aliyezikwa mara mbili. Halafu wakausifu uandishi. Mwalimu alisema watu wa mchezo ule walijua kunyamaza. Wa siku hizi wote wanaongea kama wanatangaza mpira.

Ndipo nesi akakumbusha siku Shangazi, yule dobi mkuu wa mchezo, alipompigia shati pasi mume aliyemtoroka kisha akarudi kuomba nafasi. Akayasema maneno yenyewe, neno kwa neno: "Shati chukua, ni lako. Kazi ya kulinyoosha ilikuwa yangu, nayo imekwisha." Akasema aliyasikia akiwa zamu, wodi ya wazazi, na wiki ile ile alifungasha akaondoka kwa mumewe aliyekuwa akimpiga. Hajajuta.

Wanatengeneza kitabu cha mchezo. Jalada lina jina moja: Bwana Kalamu, mwandishi mkuu. Msusi mmoja akasema mwanamume yule aliwajua wanawake kama kiganja chake. Wote wakaitikia.

Chai ikanipalia. Mimi wananijua kama "dada aliyekuwa ofisini pale." Nikaaga. Nimerudi nimekasirika — na sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 5 Mei

Niandike ukweli, walau humu.

Nilikuwa mpiga taipu. Bwana Kalamu aliandika kwa mkono, mimi nikapiga. Mwaka wa pili akaanza kuchelewa. Siku moja ukurasa ulikuja na maneno mawili tu: *Shangazi anakataa.* Waigizaji walikuwa wanasubiri nje. Nikaketi. Nikaandika lile shati na ile pasi. Hakuniuliza, hakunishukuru. Wiki iliyofuata akaniachia nafasi kubwa zaidi. Basi ikawa desturi. Wahusika waliobaki walikuwa wake. Shangazi alikuwa wangu.

Kopi zake za kaboni ninazo zote, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Leo nimezitoa. Wino umefifia lakini unasomeka. Nimesoma tangu asubuhi hadi alasiri, sikula. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Ni nzuri. Naliandika hilo bila aibu: ni nzuri.

Jumatano, 8 Mei

Nimempigia mdogo wangu. Anasema niache, maji yakimwagika hayazoleki. Nimemwambia haya si maji, ni karatasi, na karatasi huzoleka. Akasema watu wataniona nadandia jina la mzee wa watu. Waone.

Lakini adabu kwanza. Kesho nitakwenda kwake mwenyewe.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda. Binti yake, mfamasia, ndiye aliyenifungulia. Bado alikuwa na koti lake jeupe la kazini.

Bwana Kalamu sasa ana miaka themanini na ushee. Kiti kando ya dirisha, blanketi magotini, fimbo pembeni. Aliponiona akasema, "Binti wa taipu." Nina miaka sitini na tatu!

Tuliulizana hali. Nikamweleza kuhusu jalada. Nikamwambia sitaki kumpokonya kitu, nataka jina langu likae chini ya lake, basi. Alilivuta blanketi juu ya magoti.

"Shangazi ulimwandika wewe," akasema. "Najua. Lakini ningoje nife kwanza. Sina kingine watu wanachonikumbukia."

Moyo uliniuma, siwezi kukataa. Ni mzee. Lakini nilishamngoja miaka thelathini.

"Mzee wangu," nikamwambia, "mimi nina presha. Kwenye foleni ya kufa hatujui nani atatangulia."

Akatabasamu kidogo, kisha uso ukafungika. Akasema wakimwuliza, atasema aliandika yote mwenyewe. Akafumba macho. Mazungumzo yakaishia hapo.

Binti yake alinisindikiza hadi getini. Pale getini ndipo akaniuliza kama zile kopi ninazo kweli. Kumbe alikuwa akisikia. Nikasema ninazo. Akafunga geti taratibu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimempelekea nesi kopi. Nilidhani atafurahi. Ujinga wangu!

Alizisoma amesimama, hata kiti hakunipa. Mwishowe akasema mpiga taipu yeyote ana kopi. Zinaonyesha nilipiga, hazionyeshi nilitunga. Ni kweli. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba maneno yale yalimtoa kwenye nyumba ya kipigo, na hataki kuja kusikia yalikuwa ya mtu mwingine tena. Nimemwelewa. Ningekuwa yeye, ningemchukia mtu kama mimi pia.

Nikasema siondoki.

Akampigia mwalimu, naye ndiye aliyepata njia. Mchezo ule ulikatwa ghafla siku ya Jumanne, kituo hakikueleza sababu. Shangazi alikuwa amepokea barua tu, ameishika. Basi Jumamosi hii, Bwana Kalamu anapokuja kukiangalia kitabu, tuulizwe sote wawili mbele ya watu: ndani ya barua mlikuwa na nini? Aliyemzaa mtoto atajua mtoto angefanya nini.

Nesi kakubali. Mimi pia.

Tatizo — barua ile haikuandikwa kamwe. Si na yeye, si na mimi. Kituo kilitukata tukiwa hatujafika.

Jumatano, 15 Mei

Nimefua mapazia yote. Nimekamua, nimeanika. Nikiwa kambani na kibanio mdomoni, nikaijua barua ile.

Jumamosi, 18 Mei

Naandika jikoni kwa nesi. Daftari lilikuwa kwenye mkoba.

Amekuja na binti yake. Watu walisimama kumpokea, msusi akamshika mkono kwa mikono miwili. Mwalimu akaeleza utaratibu. Bwana Kalamu hakunitazama. Akasema yeye mkubwa, aanze.

Akasimulia vizuri, sauti bado anayo. Barua ni ya yule mume. Anaumwa, anaomba msamaha. Shangazi analia, anafunga duka la udobi, anarudi kumwuguza. Mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Nesi akauliza polepole, "Arudi?" Mzee akasema ndiyo, mwanamke husamehe. Nesi akaangalia mikono yake mwenyewe.

Zamu yangu. Nikasimama.

Nikawaambia Shangazi haifungui. Si kwa sasa. Anaitia mfukoni mwa aproni, maana beseni limejaa mashuka ya watu. Mpwa wake anamzunguka, anamsihi aifungue. Shangazi anamwambia, "Barua haichachi. Mashuka yakilala mabichi yananuka." Msusi akacheka, kisha akajiziba mdomo. Nikaendelea. Anakamua shuka la mwisho. Anaanika. Anajikausha mikono kidole kimoja kimoja. Anaketi juu ya beseni lililopinduliwa, anaitoa barua, anautazama mwandiko juu ya bahasha. Si mwandiko wa mumewe. Ni wa mwanamke. Na anaujua.

Nikanyamaza nivute pumzi.

Kisha sauti moja ikatoka, ya mzee.

"Halafu?"

Bwana Kalamu alikuwa ameegemea mbele, kidevu kimekaribia kugusa fimbo, mdomo wazi. "Halafu?" akarudia. "Mwandiko wa nani?"

Nesi akageuka kumtazama. Mwalimu akageuka. Wote wakageuka, mmoja mmoja. Binti yake akainamisha kichwa. Mzee hakuwaona. Alikuwa akinitazama mimi, kama mtoto anayesubiri kumaliziwa hadithi.

Nikasema naomba maji kidogo.

Kwa hiyo niko hapa. Binti yake ameingia sasa hivi, amesimama mlangoni, macho mekundu.

"Baba anauliza ni mwandiko wa nani."

Nimemwambia anisubiri.

"Anasema hawezi."

Maji nimeshakunywa, glasi nimeshaisuuza. Naandika mstari huu mmoja zaidi makusudi — wangoje kidogo.