Siku Thelathini za Kijani

Jumatatu, 4 Machi

Siku ishirini na moja mfululizo, tangu Februari! Nimepaka mwenyewe, saa tisa kasorobo, kabla ya kuvua sare.

Binti wa mgonjwa mmoja aliniuliza lile pambo la ukutani ni la nini. Si pambo, nikamwambia, ni Msalaba wetu wa Kijani. Kila kijumba ni siku moja ya mwezi. Hakuna mgonjwa aliyeumia mikononi mwetu, tunapaka kijani. Kaponea chupuchupu, njano. Kaumia, nyekundu. Akasema, "Kumbe mko salama sana hapa!" Nikaona fahari, mjinga mimi.

Gunnvor, mkuu wa wodi, ametangaza: tukifika thelathini mfululizo, keki ya malai, na picha yetu itapelekwa kwa mkurugenzi. Solbjørg akaropoka, "Basi nisikie mtu kamwangusha mgonjwa wiki hii, atanitambua!" Tukacheka hadi chai ikamwagika. Miaka kumi na tisa nafanya naye kazi, na bado ananivunja mbavu.

Theluji inayeyuka juu ya paa. Inadondoka tone kwa tone mbele ya dirisha la chumba cha dawa. Nilisimama pale nikasahau nilichofuata. "Ingunn! Umeshasafiri tena?" — Solbjørg huyo, nyuma yangu. Kweli nilikuwa nimesafiri. Nilikuwa nauona ule ukijani unashuka ukutani, unatambaa sakafuni, unafunika korido nzima, na sisi tunatembea juu yake pekupeku bila kishindo.

Jumanne, 5 Machi

Niandike kama ilivyokuwa. Hapa angalau.

Saa moja na nusu asubuhi nilimdunga Oddny sindano yake ya insulini, kitanda cha nne. Ana miaka themanini na miwili, alikuwa mfumaji, vidole vyake havitulii, vinafuma ncha ya shuka. Nikaenda kwa wengine. Huku nyuma simu ikalia kutoka idara ya vipimo: nafasi imepatikana, Oddny apimwe tumbo leo, asile kitu. Aliyepokea akabandika karatasi mlangoni. Wa jikoni akaisoma, akapita na sinia lake la kifungua kinywa. Kila mtu kafanya kazi yake sawasawa! Na insulini ishaingia mwilini, na tumbo tupu. Mimi karatasi sikuiona. Nilipita pale mara mbili. Nilikuwa natazama ukungu unavyoyameza magari, moja moja, kule kwenye maegesho.

Saa tatu nikaingia. Jasho tele. Midomo myeupe. Akaniambia ng'ombe wameingia chumbani, niwafungulie ule mlango mwingine wasije wakakanyaga nyuzi. Alisema kwa upole mno, nami — Mungu nisamehe — kwa kitambo nikageuka kuutafuta huo mlango. Kisha nikazinduka. Sukari imeshuka! Juisi ya tufaha, glasi mbili, nimemshikilia kichwa. Dakika kumi ndefu. Rangi ikarudi, ng'ombe wakaondoka.

Kipimo kikaharibika, maana hapimwi mtu aliyekunywa. Nikabaki nimeshika glasi. Oddny akanitazama. "Mwanangu, una uso wa mtu aliyevunja sahani ya mama yake. Waambie nimeinywa mwenyewe. Mimi mzee, nasahau. Nani atanigombeza?"

Nikapiga simu nikasema hivyo hivyo. Wakacheka kule vipimo: hawa wazee wetu! Nami nikacheka.

Saa tisa kasorobo, kijani. Ishirini na mbili. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha.

Alhamisi, 7 Machi

Oddny kapimwa jana, leo karudi kwake. Tumbo salama. Alinikonyeza mlangoni kama tumeiba maembe pamoja — maembe! Hapa, Machi! Sijui nimeyatoa wapi. Ishirini na nne.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya mapumziko. Kjartan kapika kaki za kuchomwa kwenye chuma, tukala na jibini ya kahawia. Akauliza, mke wangu, kazini vipi? Nikasema ishirini na sita, zote kijani. Akasema hongera. Mume mwema, haulizi mara mbili.

Tukatembea msituni. Theluji laini, kila hatua inazama. Nikawa nafikiri, au naota, sijui mpaka uko wapi. Simu na sindano hazikutani. Basi! Ndiyo kasoro yenyewe. Anayepokea simu hajui nani kashadungwa, anayedunga hajui nani atafunga. Ingetosha mstari mmoja kwenye karatasi ya dawa: ulizia vipimo kwanza, ndipo udunge. Ninao huo mstari kichwani, mzima, umenyooka.

Lakini nikiusema wataniuliza nimeutoa wapi. Nitajibu nini? Hesabu ya siku za kijani itarudi kwenye moja. Wote wataniangalia mimi. Na bibi wa watu niliyemsingizia!

Baada ya keki, nikajiambia. Keki ikishaliwa nitausema, polepole, kama wazo lililonijia tu.

Jumatano, 13 Machi

Thelathini! Malai, matunda, jina la wodi kwa sukari ya kijani. Gunnvor alitoa machozi. Akasema hii ni wodi ambayo mtu angemleta mama yake bila wasiwasi. Picha ikapigwa. Wakaniweka katikati na kalamu mkononi. Nimekula vipande viwili. Vilikuwa vitamu, siwezi kusema uongo.

Mstari nitausema kesho.

Alhamisi, 14 Machi

Arnljot. Kitanda cha saba. Fundi wa piano, miaka sabini na mmoja. Juzi alisikiliza mlio wa kitoroli cha dawa akasema gurudumu moja limepungua sauti.

Solbjørg kamdunga saa moja na nusu. Simu ya vipimo ikaja baadaye. Karatasi mlangoni. Sinia likapita.

Hakuita mtu. Aliamka kwenda kunawa uso, akaanguka, kichwa kikagonga sinki. Solbjørg alimkuta chini. Amevuja damu ndani ya kichwa. Yuko chumba cha mahututi, hajafungua macho.

Solbjørg hakungoja kuulizwa. Alijaza ripoti kwa mkono wake, kila kitu, saa na dakika. Kisha akaja koridoni, penye Msalaba, akanipokonya kalamu nyekundu — mimi nilikuwa nimeishika tu, nimeganda — akapaka mwenyewe. Alipaka hadi karatasi ikatoboka.

Ijumaa, 15 Machi

Kikao. Gunnvor kasema kwa huruma kwamba hakuna aliyeweza kulijua hili, halijawahi kutokea. Vichwa vikaitikia. Changu pia! Nilikihisi kinapanda na kushuka. Mmoja akanong'ona, na keki tumekula juzi tu. Solbjørg alisikia. Alikuwa anatazama mikono yake.

Nilifungua kinywa. Nje jua lilikuwa limetoka, barafu ya paa inang'aa, na nikafikiri, nikinyamaza hivi hivi labda nitaamka. Sikuamka. Kikao kikaisha.

Jumapili, 17 Machi

Nimempigia Solbjørg saa sita mchana. Nikamweleza. Oddny, juisi, uongo, kijani. Nikasema ilikuwa tarehe tano. Nilisikia redio kwake, mtu anaeleza hali ya hewa, mvua, mvua, mvua.

"Siku tisa," akasema. "Ingunn, ulikuwa na siku tisa nzima."

Nikasema nisamehe. Akasema hajui, asinidanganye, hajui kabisa. Kesho saa saba anakutana na mke wa Arnljot, Tordis, pamoja na Gunnvor, kumweleza ilivyokuwa. Tangu Alhamisi halali, anayatafuta maneno. "Na wewe umekaa nayo! Usinililie mimi, bwana. Njoo umwambie yeye."

Akakata. Nikamwambia Kjartan yote. Hakusema hongera. Alinishika mkono, akauliza, nikupeleke? Nikasema nitaenda mwenyewe.

Jumatatu, 18 Machi

Saa saba kasoro dakika kumi na mbili. Niko kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano. Leo si zamu yangu, nimevaa koti langu la kawaida. Naandika ili mikono ipate kazi.

Nilimtumia Gunnvor ujumbe asubuhi, nina jambo kuhusu Arnljot, naomba niingie. Kajibu, njoo. Sijui kama anajua. Solbjørg yuko ndani tayari, nimemwona kupitia kioo, amechana nywele vizuri kama anayekwenda kanisani. Hakugeuka.

Arnljot bado hajafungua macho. Nimepita kuuliza.

Korido kimya. Mwanga wa leo ni mlaini, unafanya kila kitu kionekane mbali, hata viatu vyangu. Naweza kusafiri sasa hivi nikitaka. Sitaki.

Tordis amefika. Mdogo kuliko nilivyofikiri, mwavuli umelowa, kitambaa cha shingo kimefungwa vibaya. Amekaa kando yangu. Ametoa pakiti ya peremende mfukoni, akanipa moja, nikaipokea.

Kaniuliza kama nami nangoja kuitwa humo ndani. Nikasema ndiyo. Akalitazama daftari. Akasema unafanya vizuri, mama, andika kila kitu, mimi nashindwa, kichwa hakishiki, halafu hawa watu wakianza maelezo yao marefu mtu unatoka hujui hata uliambiwa nini. Ameniomba nikae karibu naye humo ndani kama wataturuhusu.

Kisha kaweka mkono wake juu ya wangu — uko hapa sasa, naandika kwa shida — akaniuliza taratibu, "Na wewe, pole dada, ni mtu wako gani waliyemdhuru?"

Mlango unafunguliwa. Gunnvor anatuita, jina langu na lake. Tordis bado ananitazama, anangoja