Wanasema Nakulimisha

Mama,

Shikamoo. Sijui kama huko uliko mtu huitikia marahaba, lakini ndivyo ulivyonilea, na siwezi kuanza na neno jingine.

Nakuandikia kwa sababu hapa Chilangala walisema hukufa. Walisema tulizika mgomba ulioviringishwa sanda, na wewe mwenyewe nimekuficha, nakulisha pumba, nakulimisha mikorosho alfajiri kabla watu hawajaamka. Yaani mimi, mtoto wa tumbo lako, nimekufanya ndondocha. Tangu masika hakuna aliyelitaja jina lako mbele yangu. Walilinong'ona nikishapita, kama vile jina tu linaweza kukuamsha.

Nimeona bora nikueleze mwenyewe, usije ukayasikia kwa hao wanaokufuata huko.

Uliondoka wakati mbaya, Mama. Kilikuwa kiangazi, maji ya kijiji yamekauka, na njia ya kushuka bondeni imejaa wanawake na ndoo tangu nyota hazijazama. Ulipokata roho hospitalini kule Masasi, binamu yako wa Mkomaindo aliniuliza, "Huko kwenu maji ya kumwoshea yapo?" Nikafikiri. Nyumbani tulikuwa na nusu ndoo, nayo ya kupikia. Nikasema hayapo. Basi tukakuosha kwake, mimi na yeye, tukakuvika sanda huko huko. Gari tuliloomba lilikuwa la mtu wa biashara, mwenye haraka zake, likapanda nasi mlima jioni ile ile. Tulifika kaburi limeshachimbwa. Hukuingizwa hata ndani. Wanaume walikupokea garini wakakupeleka moja kwa moja, mimi nikabaki mlangoni nimeshika khanga yako, inanuka dawa.

Kwa hiyo hakuna mwanamke wa kijiji aliyekuosha wala aliyekuona. Hata Bi Somoe, mwenzio wa tangu unyagoni, alifika akakuta umeshafukiwa. Yaliyofuata yote yalianzia hapo, kwenye maji ambayo hatukuwa nayo.

Unakumbuka korosho zetu zilivyokuwa zikichukuliwa na ushirika, tunapewa karatasi, tunangoja malipo mpaka tunasahau. Msimu ule ule ulipokufa, wanunuzi binafsi walipanda huku na malori yao, wakawa wanashindana: huyu akitaja bei, yule anaongeza. Na mikorosho yako, ambayo Mjomba Issa alinikabidhi mimi kama mila inavyotaka, ilizaa kwa namna sijapata kuona. Matawi yaligusa chini. Nilikuwa naokota huku nalia, maana wewe ungeokota huku unacheka.

Fedha ile niliezekea nyumba yako bati, nikamwita fundi akajenga kisima cha saruji ubavuni, maji ya mvua yateremke kutoka paani. Wewe unajua kwa nini nilianza na hilo. Tulipokuwa tukipanda mlima na ndoo kichwani ulikuwa ukisema, "Tajiri ni yule anayeosha miguu kabla ya kulala. Sisi wengine tunadanganyana." Mvua ya kwanza ilipopiga bati nilitoka nje nikaosha miguu, Mama, nikaisugua na gunzi mpaka ikaniuma.

Hapo nikawa tajiri. Hakuna aliyeuliza ninakula nini.

Baba Hadija aliponioa ulishangilia kwa sababu alikuwa mwalimu. Mshahara wake wakati ule ulikuwa kitu. Shida ilikuwa dukani, vitu havipo, mtu anapanga foleni kutwa kwa kipande cha sabuni. Sasa vitu vipo. Maduka ya Newala yamejaa sabuni za kila rangi na khanga mpaka zinaning'inia barabarani, na mshahara wa Baba Hadija unaziangalia tu unapita. Anarudi nyumbani na mikono mitupu, anaketi chini ya bati jipya, na mimi namwekea ugali wa muhogo na kisamvu kisicho na nazi. Hata ile salfa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ubwiri unga sasa ni ya kununua kama dhahabu. Kwa aliyekuwa na nyasi paani, mimi nilikuwa mwanamke wa bati na kisima. Kwa mwenye duka mimi ni yule anayeomba apimiwe mafuta ya taa kwa kifuniko.

Masika, kaburi lako lilititia. Mvua ilikuwa kubwa, na makaburi mengine mawili matatu yalititia pia, lakini lililozungumzwa ni lako. Wakasema limetitia kwa kuwa ndani hamna mtu. Wakahesabu: mama kafa, korosho zimejaa, bati limepanda, kisima kimejengwa. Nani anatajirika hivyo kwa jasho lake peke yake?

Kiangazi kikarudi. Kisima changu kilikuwa bado na maji, nikawaambia majirani waje kuteka. Walishukuru, wakapita na ndoo zao kuelekea bondeni. Siku moja Hadija alimpa mwenzake kikombe cha maji. Yule mtoto alikishika, akatazama ndani ya kikombe kwa muda mrefu, akakirudisha bila kunywa. Nilimuuliza ameona nini. Akasema, "Nimeambiwa bibi yupo humo."

Ndipo yakaanza ya shambani.

Uliniachia shamba kubwa, na kusafisha chini ya mikorosho kabla ya kuokota kunataka vibarua. Sikuwa na cha kuwalipa, na hata ningekuwa nacho wasingekuja. Nilikuwa nalima mwenyewe asubuhi, kidogo kidogo. Asubuhi moja ya ukungu, ule ukungu wetu wa kipupwe unaomeza mpaka mkono wako mwenyewe, nilifika nikakuta chini ya mikorosho ya upande wa njia pamelimwa. Majani yamekusanywa mafungu mafungu, udongo umelainishwa, na kuna nyayo za miguu peku, ndogo, za mwanamke mzee anayeburuza mguu wa kushoto. Wewe ulikuwa ukiburuza wa kushoto.

Nilirudi mbio. Baba Hadija akasema, "Ni mtu tu huyo." Nikamuuliza mtu gani analima shamba la mwenzake bila malipo. Akaenda kuangalia kisima, akaniita. Kamba ya ndoo ilikuwa mbichi, na sisi hatukuwa tumeteka bado.

Ikawa hivyo siku nyingi. Kamba mbichi, na shambani palipolimwa pameongezeka. Mama, nitakwambia ukweli, nilianza kuwaamini. Najua sikwenda kwa mganga yeyote. Lakini nilijiuliza kama mtu anaweza kufanyiwa utajiri na wengine bila yeye kujua, kama anavyorogwa bila kujua. Nilikuosha kwa mikono hii. Niliufunga mdomo wako. Na bado nikawa natoka alfajiri nakuachia ugali mlangoni, ugali wenye chumvi, kwa sababu wanasema ndondocha akionja chumvi hukumbuka kwao. Nilikuta kuku wamekula.

Halafu nikakusikia. Nilikuwa nimefika ukingo wa shamba, ukungu umetanda, na ndani yake jembe linapiga. Taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Nikaita, "Mama?" Jembe likanyamaza. Nilisimama nikisikia tu umande unadondoka kwenye majani. Halafu likaanza tena, na mimi sikuthubutu kuingia.

Habari zikamfikia Mjomba Issa, na si kutoka kwangu. Akaita ukoo. Mganga mmoja kutoka ng'ambo ya Ruvuma alikuwa ameshawaambia kuwa dawa ni kufukua: mkimkuta, mwanamke huyu hana hatia; mkikuta mgomba, mnajua la kumfanya. Shehe alikataa katakata, lakini waliokasirika walikuwa wengi. Nilimwangukia Mjomba miguuni. Nikasema, "Mjomba, mimi si tajiri. Njoo uone jikoni kwangu." Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha: "Mama Hadija, anayenunua maji haangalii jikoni kwa mwenye kisima." Wakakubaliana kufukua Ijumaa, baada ya sala.

Ijumaa hiyo alfajiri niliamua kwamba kama ni wewe, nikuone kwanza mimi. Nilijifunga khanga yako. Ukungu ulikuwa mzito, nikawa nafuata sauti ya jembe huku nagusa mashina. Niliona kwanza mgongo, umeinama, mweupe kwa ukungu, na mguu wa kushoto unaburuzwa. Nikasogea, nikaweka mkono kwenye bega lile. Lilikuwa na joto.

Alikuwa Bi Somoe.

Hakushtuka. Alikaa chini, akaliweka jembe mapajani, na kando yake ilikuwepo ndoo ya maji iliyofunikwa jani la mgomba. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema miguu yake haishuki tena bondeni, tangu wa kushoto ulipolemaa mwaka jana. Wenye matangi wanauza maji, na bei ya ndoo inapanda kadiri jua linavyokaza, naye hana korosho, na wanawe wapo Mtwara wanajitafutia. Nikamuuliza kwa nini hakuja kubisha hodi, maji yapo, angeteka.

"Nikuombe wewe?" akasema. "Mimi niliyekucheza unyago? Siombi maji kwa mtoto wangu. Nateka ndoo moja, nalima, tunakuwa sawa."

Nikamuuliza kama hakuniogopa, kwa yale yanayosemwa. Akacheka kidogo. "Mama yako amekufa. Maiti hana kiu. Mwenye kiu ni mimi."

Nilimwambia wanachotaka kufanya mchana ule. Akaifunika ndoo yake vizuri kwa lile jani, Mama. Unamjua alivyo. Miaka ya foleni yeye ndiye aliyekuwa na baiskeli ndani, na wana wanaume wa kumchotea maji, na kijiji kizima kilikwenda kwake kuomba chumvi. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba sasa anakunywa maji kwa jembe. Nilitaka kumwambia akiona haya asiseme, lakini nikakufikiria ukitolewa juani mbele ya watu, nikashindwa kumwambia hivyo.

Baada ya sala wanaume walikusanyika kwa Mjomba na majembe na makoleo. Bi Somoe aliingia uani akiburuza mguu, na ndoo yake kichwani. Akaitua katikati yao. Akasema, "Ndondocha mnayemtafuta ni mimi. Nalima kwa mwanangu alfajiri ili nipate ndoo hii. Nyayo ni zangu, pimeni." Akanyoosha mguu wake mbele, wenye udongo mwekundu wa shamba lako mpaka kwenye kifundo.

Hakuna aliyepima. Wengine walitazama ndoo, wengine wakatazama chini. Mjomba aliinuka, akachukua kata, akateka maji yale akanywa mbele yao wote. Halafu akasema, "Rudisheni majembe." Wakaondoka mmoja mmoja, bila kuagana. Hukufukuliwa, Mama. Jumamosi Mjomba alipeleka udongo akakusawazishia kaburi.

Sasa wanakuja kuteka. Si wote, na wapo wanaoyachemsha mara mbili. Bi Somoe nimemchukua akae kwangu, chumba chako. Alikubali kwa sharti kwamba nimwite kibarua na si mgeni. Nikakubali kwa mdomo.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu, hata Baba Hadija. Juzi nilimshukuru Bi Somoe kwa shamba, nikamwambia amelimaliza lote, mpaka kule juu kwenye mikorosho mikongwe uliyoirithi kwa bibi. Akaniangalia. Akasema miguu yake haimfikishi huko, yeye aliishia nusu, kwenye ule mkorosho uliopigwa radi. Nilipanda jioni hiyo kuangalia. Pamelimwa, Mama. Pamelimwa vizuri, magugu yamepangwa mizizi juu, kama ulivyonifundisha, ili jua liyaue. Na hakuna nyayo hata moja.

Nimekaa na jambo hilo, nami sitalisema. Wakilisikia watarudi na makoleo.

Kwa hiyo nakuaga kwa namna hii. Salamu zote za hapa nimekufikishia. Hadija hajambo, anasoma. Kisima sitakiwekea kufuli maadamu niko hai, na maji yake sitayauza hata mshahara wa Baba Hadija ukinunua chumvi tu. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Na kama ni wewe uliyelima kule juu, basi, Mama, inatosha. Weka jembe, ulale. Msimu ujao nitalima mwenyewe.

Mwanao,
Mama Hadija