Wastani wa Mateke

Guangzhou, 15 Aprili 2007

Dada Dainess,

Shikamoo. Huku tunapumua, ingawa joto limeanza kutulowesha hata tukiwa tumekaa. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya Njombe? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Barua anakuletea Revocatus, tunayenunua naye mzigo kwenye maduka ya barabara ya Yide Lu.

Ulisema Agape, mtoto wa miaka kumi, anakaa ndani hapa mtaani kwetu Sanyuanli, bila shule, "kama gunia". Nakujibu. Wewe umefundisha hesabu darasani miaka ishirini na sita. Wangapi kati ya wanafunzi wako, ukiwapa boga moja na midomo saba, wanajua pa kuanzia kukata? Mungu hakumpa Nuhu kitabu cha mazoezi. Alimpa vipimo, akamwambia atafute mbao! Wiki iliyopita Agape aliupima mkono wake toka kiwiko hadi ncha ya kidole, akashuka barabarani na kamba, akapima mikono mia tatu, Wachina wamesimama wanamshangaa. Akarudi mbio: "Baba, safina inaishia kwenye duka la masanduku!" Mchele huku unapimwa kwa jin, yaani nusu kilo. Anageuza kichwani kabla mwenye duka hajagusa kikokotoo.

Na sasa tuna somo kubwa kuliko yote. Sesilia yuko mwezi wa saba. Kila asubuhi baada ya sala, Agape anaweka kiganja tumboni kwa mama yake saa nzima, anahesabu mateke ya mdogo wake. Anaandika kwenye daftari, anajumlisha, anagawanya kwa siku. Wastani ni kumi na tatu. Juzi daftari lilikuwa juu ya tumbo, teke likaliangusha. Agape akasema, "Huyu naye anataka kusahihishiwa." Nionyeshe shule yenye somo kama hilo, nami nitaomba radhi kwa maandishi.

Wasalimie wote. Sesilia anakuita wifi mkorofi, kwa upendo.

Mdogo wako,
Jonas


Njombe, 6 Mei 2007

Mdogo wangu Jonas,

Marahaba. Magoti yangu usiyaulizie, yana kiburi kama wewe. Tunashukuru Mungu, mvua zimeisha vizuri na mahindi yanakauka.

Umeacha kuandika magazetini lakini magazeti hayajakuacha. Nilikuuliza swali moja juu ya mtoto, umenijibu kama vile mimi ni serikali. Sikatai, habari ya safina imenichekesha hadi nimewasomea darasa la tano. Lakini nimewaona ninyi wawili mlipokuja Krismasi. Ukimuuliza Agape swali, hatazami swali, anakutazama usoni. Ukikunja paji la uso kidogo tu, anabadilisha jibu, hata kama lilikuwa sahihi. Darasani wangekuwepo arobaini, asingekuwa na muda wa kuusoma uso wa mwalimu.

Geuza ukurasa, la muhimu liko huku.

Nimemuuliza nesi wa zahanati yetu juu ya haya mateke. Amesema ni jambo jema kuyahesabu, lakini yakipungua siku moja, msingoje ya pili. Hospitali siku hiyo hiyo. Hilo si somo, Jonas. Mwambie Sesilia nampenda, na jina la baba yetu, Ernest, mmemchagulia mtoto vizuri.

Dada yako,
Dainess


Guangzhou, 24 Juni 2007

Dada,

Shikamoo. Sijui nikusalimie vipi zaidi ya hapo.

Ernest amefariki. Jumamosi tarehe 9, wiki ya thelathini na sita, tumboni kwa mama yake. Kwenye simu nilikwambia ni mapenzi ya Mungu, nikakata. Hapa nitaandika jinsi ilivyokuwa.

Jumatano Agape aliandika nane. Alhamisi aliandika nne. Nilitazama daftari nikamwambia, "Umeanza uvivu. Ulikuwa unasinzia. Wastani wetu unaujua, kesho nataka hesabu ya mtu aliye macho." Nilisema kwa sauti ile yangu. Ijumaa akaniletea kumi na tatu, nikampa alama ya vema. Jioni Sesilia akasema, "Baba Agape, huyu mtoto namsikia kwa mbali." Nikamfungulia daftari. "Kumi na tatu hizi hapa. Unataka nini tena?" Akalitazama, akalifunga. Jumamosi hakukuwa na teke hata moja.

Daktari alisema kitovu kilimzunguka shingoni. Nilimuuliza, je, tungekuja Jumatano angeishi? Akasema labda. Akalisema kwa Kiingereza kibovu, lakini nililielewa.

Na barua yako, dada. Revocatus alinipa tarehe 20 Mei. Nilisoma hadi pale pa magazeti, nikaikunja kwa hasira nikaanza kuandika jibu. Ukurasa wa pili nimeugeuza tulipotoka hospitali. Sesilia hajui kama uliandika.

Hapa hakuna kaburi la kwenda kusimama. Tulipewa kijikasha cha majivu yake, kiko kwenye kabati la nguo.

Agape hahesabu tena. Nikimwambia aandae meza ya watu watatu, anatoa sahani zote zilizomo kabatini. Jana aliniuliza, "Baba, ile nne niliikosea?" Nikatoka nje kama mtu aliyeitwa.

Jonas


Njombe, 15 Julai 2007

Mdogo wangu,

Pole. Nimelia hadi mwalimu mkuu akaniambia nirudi nyumbani. Hali ya Sesilia ikoje, maziwa yamekauka? Analala?

Siandiki ili nikushinde. Ukiwa mlangoni kwangu leo ningekupa uji kwanza.

Lakini mtoto amekuuliza swali nawe umekimbia. Nne ilikuwa nne. Nane ilikuwa nane. Agape alihesabu sawa, na ameachwa peke yake akidhani mikono yake ndiyo iliyokosea. Usimtume mama yake, usimtume mchungaji. Mwambie kwa mdomo wako, tena usimhubirie. Sema kisha unyamaze, hata kama kunyamaza hukuzoea.

Sesilia akitaka kuja kupumzika, chumba kipo.

Dada yako,
Dainess


Guangzhou, 12 Agosti 2007

Dada Dainess,

Shikamoo. Sesilia analala kidogo. Maziwa yamekauka.

Nimemwambia. Alikuwa anaosha mchele. Nikakaa sakafuni nikasema, "Nane ilikuwa nane, na nne ilikuwa nne. Wewe ulihesabu sawa. Baba ndiye aliyekosea." Nikanyamaza kama ulivyosema.

Akaendelea kuosha. Kisha akasema, "Na kumi na tatu?"

Sikumwelewa.

"Ijumaa yalikuwa mawili, baba. Niliandika kumi na tatu kwa sababu ndiyo wastani. Ulikuwa umekasirika."

Maji yalikuwa yanamwagika, hakuna aliyefunga bomba. Akauliza, "Utamwambia mama?"

Dada, nimebishana na maaskofu, nimebishana na mawaziri, nimekubishia wewe tangu nijue kusema. Kwa mtoto yule nilichoweza kusema ni kwamba mwanafunzi akibadilisha jibu kwa kumwogopa mwalimu, jibu hilo ni la mwalimu. "Ile kumi na tatu ni yangu," nikamwambia. "Mama nitamwambia mimi."

Nikaenda kwa Sesilia. Nikamweleza barua yako yote, ukurasa wa kwanza na wa pili. Kisha nikasema, "Na ile kumi na tatu ya Ijumaa ni yangu."

Akauliza, "Uliandika wewe kwenye daftari la mtoto?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia. Akapanda kiti akashusha begi.

Wanaondoka Alhamisi, yeye na Agape, pamoja na Revocatus hadi Dar. Kijikasha wanakichukua, Ernest azikwe kwetu. Mimi nabaki. Sesilia hajasema kwa muda gani, nami sikuuliza. Agape anajua kwamba mama ameambiwa na kwamba hakuna kilichobaki cha kusema.

Wewe pekee ndiye unayejua. Sesilia atanisema vibaya mbele yako, na ana haki. Usinitetee. Unajua kubishana kuliko mimi, lakini safari hii nakuomba ushindwe.

Mpeleke Agape darasani kwako, umkalishe na wenzake. Siku akikuletea jibu ambalo hukulitarajia, tafadhali, dada, inuka ukahesabu naye.

Mdogo wako,
Jonas