Starehe Imekwisha

Alhamisi, Januari 2007. Ghubra, Maskati. Mawingu tangu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta, mvua haikunyesha. Nimetulia.

Kikundi chetu cha vichekesho vya papo kwa papo kilikuwa kife leo. Ami Khalfani, mwenye majlisi tunayofanyia mazoezi, alitaka kutuona kwanza ndipo aamue kama atatuachia chumba kila Alhamisi. Wenzetu wawili walishajitoa. Pengine pa kwenda hatuna.

Kanuni yetu ni moja. Hakuna maandishi, mwenzako akikupa jambo, lipokee, uliongezee. Ukikataa, mchezo umekufa.

Mkataaji wetu ni Zuwena, mwalimu wa hesabu, mtoto wa Unguja aliyelelewa vizuri mno. Hakatai kwa ubaya. Ukimkaribisha chakula hujibu "Starehe", yaani endelea tu, usijisumbue, kisha anapita zake. Ndivyo tulivyofunzwa sote nyumbani. Wiki tatu mfululizo ameua michezo kwa adabu.

Mimi si bora. Kikundi nimekianzisha mimi, lakini sijacheza hata mara moja. Nakaa pembeni na daftari. Kazi yangu imenizoesha kuandika kilichokwisha kusemwa.

Leo alikuja Sefu, mhandisi wa maji, kuziba pengo. Ana mwaka wa kwanza hapa Maskati. Alikaa chini akajifanya anakula, Zuwena akapita, Sefu akamkaribisha.

"Starehe," akasema Zuwena, na nikaona usoni kwamba amejua kosa lake neno likiwa bado mdomoni.

Ami Khalfani akatazama saa.

Sefu akachungulia sahani isiyokuwepo. "Starehe imekwisha, bibie. Umebaki ugali."

Ami Khalfani akacheka mpaka kofia ikamwenda upande. Zuwena akakaa, akakunja mikono ya buibui. "Basi nipe huo huo. Nna njaa tangu Unguja."

Waliendelea robo saa nzima. Sikuandika kitu.

Baadaye nilimuuliza Sefu kama alikusudia. Hakukusudia. Amezaliwa Tabora, kwao starehe ni anasa, na alidhani Zuwena anaagiza vinono. Nilimuuliza mara mbili, jibu likawa lile lile. Amenipa ruhusa niandike.

Tulipokuwa tunavaa viatu, Ami Khalfani akasema, "Karibuni tena." Huambiwa hivyo kila mgeni, hata asiyetakiwa. Nikafungua mdomo nishukuru na kuaga, kama kawaida.

Zuwena akaniwahi. "Tushakaribia, Ami. Alhamisi saa ngapi?"

Mzee akamtazama kidogo, akacheka kwa pua. "Baada ya alasiri."

Wiki ijayo daftari nitaliacha garini.

Nami nikikaribishwa, nitajibu nini?